Kabla Hujamfuta Mtu kwenye Saraka

Maswali ya wasomaji, na majibu ya Mwalimu wenu wa seva kutoka Area D, Dodoma

Mwaka wa fedha ulifungwa Juni 30, mikataba ya muda imekwisha, wahitimu wameshachukua vyeti vyao, na ofisi nyingi zimegundua kwamba saraka zao zimejaa majina ya watu waliokwisha kuondoka. Ndiyo maana safari hii barua karibu zote zinauliza jambo moja: kufuta.

Kwa msomaji mgeni, saraka ninayoizungumzia hapa siyo folda la mafaili. Ni daftari la watu, makundi na mashine ambalo seva hulitunza, na mifumo mingine hulisoma kwa itifaki ya LDAP. Ukiandika jina na nenosiri ili kufungua barua pepe ya ofisi, mara nyingi daftari hilo ndilo linaloulizwa kama wewe ni wewe. Kila rekodi ina anwani yake kamili, tunaiita DN, inayosomwa kuanzia kwa mtu kwenda juu: mtu, idara yake, taasisi yake.

SWALI. Shikamoo Mwalimu. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kimoja hapa mjini. Nimepewa kazi ya kufuta waliomaliza masomo. Nimeandika programu kwa lugha ya C na maktaba ya OpenLDAP, programu huria ya seva ya LDAP. Nikiipa fanksheni ya kufuta, ldap_delete_ext_s, tawi zima, ou=2019,ou=waliomaliza, inanirudishia kosa 66. Nikaamua kwenda mtu mmoja mmoja kwa kutumia jedwali nililopewa na msajili. Wengine wanafutika, wengine kosa 34, na wengine kosa 32, yaani hawapo, ilhali nawaona kwa macho yangu kwenye saraka! Nimechunguza, wengi wa hawa wa 32 wana ng' kwenye jina. Je, LDAP haipendi ritifaa? Mkuu wangu anataka kazi iishe Ijumaa. (Msomaji, Kisasa)

JIBU. Marahaba mwanangu. Una makosa matatu, na kila moja lina chanzo chake, kwa hiyo usiyatafutie dawa moja.

Kosa 66 ni seva inakuambia kwamba rekodi unayotaka kuifuta ina rekodi nyingine chini yake. Hiyo ndiyo kanuni ya itifaki yenyewe, ipo kwenye waraka RFC 4511 wa mwaka 2006: ombi la kufuta ni la jani tu. Wakulima wanaopogoa mizabibu kule Mpunguzi hukata tawi, na majani yakaenda nalo. Kwenye saraka huruhusiwi. Unaanza na jani la mwisho kabisa, unarudi nyuma hadi tawi lenyewe libaki tupu, halafu nalo linakuwa jani na linafutika. Kwa C ni fanksheni moja inayojiita yenyewe: inapokea DN, inatafuta watoto wake wa moja kwa moja kwa LDAP_SCOPE_ONELEVEL, inajiita kwa kila mtoto, na ikimaliza watoto ndipo inaifuta DN iliyopewa. Katika utafutaji huo omba LDAP_NO_ATTRS, kwa sababu unachohitaji ni majina ya rekodi tu. Hakuna haja ya kubeba picha na namba za simu za watu kwenye mtandao ili uzitupe.

Utasikia kwamba kuna njia ya mkato, kidhibiti (maelekezo ya ziada yanayoambatana na ombi) cha kufuta mti mzima kwa ombi moja, chenye namba 1.2.840.113556.1.4.805. Kipo, na baadhi ya seva zinakijua. Nyingine hazikijui, kwa hiyo kabla ya kukitegemea soma orodha ya supportedControl kwenye rekodi ya juu kabisa ya seva yako. Mimi sikitumii kufuta watu. Nataka kila anayefutwa aache mstari wake kwenye logi, na kidhibiti hicho kinanirudishia jibu moja kwa wote.

Kosa 34 ni DN iliyoandikwa vibaya. Bila hata kuona msimbo wako najua kwamba unaiunda mwenyewe kwa snprintf, ukichukua jina kutoka kwenye jedwali na kuliunganisha na mkia wa ou (matawi) na dc (kikoa cha taasisi). Bila shaka msajili ameandika baadhi ya majina kwa kutanguliza la ukoo, kisha koma, kisha jina la kwanza. Koma kwenye DN ndiyo inayotenganisha ngazi moja na nyingine. Seva inafika kwenye koma, inategemea kukuta alama ya usawa mbele yake, inakuta jina la mtu, inakataa. Unaweza kuikinga koma kwa mkwaju wa nyuma (\), lakini usishike njia hiyo. Acha kuunda DN. Tafuta rekodi kwa namba ya usajili, iulize seva DN yake kwa ldap_get_dn, na hiyo hiyo uliyopewa ndiyo uirudishe kwenye ombi la kufuta bila kuigusa hata herufi moja.

Sasa hawa wa kosa 32, na ningependa tukae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa huku kuliko wale walioandika maktaba.

LDAP haina ugomvi wowote na ritifaa. Jina kama Chang'ombe linapita kwenye DN na kwenye chujio (sharti la kutafutia rekodi) bila kukingwa. Anayesumbuliwa nayo ni terminali, ukiiacha nje ya alama za kunukuu, lakini wewe uko ndani ya C. Chukua mstari mmoja wa jedwali la msajili uupitishe kwenye amri ya hexdump -C. Tazama palipo na ng'. Ritifaa ya kwenye kibodi ni baiti moja, 27. Nina hakika utakuta baiti tatu: e2 80 99. Hiyo ni ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe mtu anapobonyeza ile ya kawaida. Kwa macho yako na yangu ni alama ile ile. Seva inalinganisha herufi, na kwake hizi ni herufi mbili tofauti, hivyo mtu huyo "hayupo". Aliyeandikisha wanafunzi mwaka wa kwanza aliandika moja kwa moja kwenye mfumo na kupata ritifaa iliyonyooka. Msajili amechapa majina upya kwenye barua na kupata iliyopinda.

Nimekutana na hili kwenye majina ya Kigogo na ya mitaa yetu mara nyingi kiasi kwamba siku hizi faili lolote la majina likinifikia nalipitisha kwanza kwenye kisafishaji: baiti hizo tatu zinageuzwa kuwa 27, nafasi za mwanzo na mwisho zinaondolewa. Hata hivyo, jina lisiwe ufunguo wako. Kuna vijana wawili wenye majina matatu yanayofanana kabisa kwenye kila chuo kikubwa. Tumia namba ya usajili.

Na namba nayo ina hatari yake, ambayo niliijua kwa watu kuumia.

Mwaka 2012 nilikuwa msimamizi wa seva kwenye taasisi moja. Ofisi ya rasilimali watu ilinipa orodha ya wafanyakazi wa muda waliomaliza, namba moja kila mstari. Programu yangu ilisoma mstari, ikaunda chujio la mtindo wa (employeeNumber=1047), ikatafuta, ikafuta kila ilichokipata. Karani aliyeandaa orodha alikuwa na desturi ya kuweka nyota pembeni ya aliyehamishwa. Jedwali lilipogeuzwa kuwa faili la maandishi, nyota moja ilishuka ikabaki peke yake kwenye mstari wake. Programu ikatengeneza (employeeNumber=*). Kwa lugha ya machujio ya LDAP, hiyo maana yake ni kila rekodi yenye namba ya mfanyakazi, namba yoyote. Nilikuwa nimeingia kwa akaunti kuu, ile ambayo kwenye OpenLDAP haizuiwi na ruhusa wala na kikomo cha idadi. Watu zaidi ya 300 waliondoka kabla sijanyanyua mkono kwenye kibodi, na mimi mwenyewe nikiwamo.

Nilikuwa na nakala ya usiku. Ilikuwa imechukuliwa kwa ldapsearch kwa akaunti ya kawaida, ambayo kwa haki kabisa haikuruhusiwa kusoma manenosiri. Kwa hiyo niliwarudisha watu wote na majina yao na vyeo vyao, ila bila nenosiri hata moja. Kwa siku mbili nilikaa mezani nikiwapa manenosiri mapya mmoja baada ya mwingine. Foleni ilitoka mlangoni kwangu ikaenda mpaka kwenye mwarobaini wa maegesho. Mama mmoja wa usafi, aliyekuwa likizo, alikuja kwa miguu kutoka Chang'ombe na mtoto mgongoni kwa sababu asingeweza kuona hati yake ya mshahara bila kuingia kwenye mfumo. Alinipa shikamoo, akasubiri zamu yake, hakulalamika. Nimeandika programu nyingi za kufuta tangu siku ile, na kila moja naiandika nikimwona yeye.

Kwa hiyo chochote kinachotoka nje na kuingia kwenye chujio kikinge kwanza. OpenLDAP ina ldap_bv2escaped_filter_value kwa kazi hiyo. Nyota inageuzwa \2a na kuwa nyota ya kawaida isiyo na nguvu. Halafu hesabu ulichopata kabla hujafuta. Namba moja ya usajili ni mtu mmoja. Wakiwa wawili, au hakuna, ruka na uandike:

    int idadi = ldap_count_entries(ld, jibu);
    if (idadi != 1) {
        fprintf(stderr, "Namba %s: zimepatikana %d, naruka\n",
                namba, idadi);
        ldap_msgfree(jibu);
        continue;
    }
    char *dn = ldap_get_dn(ld, ldap_first_entry(ld, jibu));
    if (kweli) {
        rc = ldap_delete_ext_s(ld, dn, NULL, NULL);
        if (rc != LDAP_SUCCESS)
            fprintf(stderr, "%s: %s\n", dn, ldap_err2string(rc));
    } else {
        printf("Ningefuta: %s\n", dn);
    }
    ldap_memfree(dn);
    ldap_msgfree(jibu);

Tazama kigezo kinachoitwa "kweli". Kiwe sifuri mpaka mtu akiweke kwa makusudi wakati wa kuendesha. Programu ikiitwa bila maelezo yoyote isifute mtu, ichapishe tu mistari ya "Ningefuta". Chapisha orodha hiyo kwenye karatasi, mpelekee msajili, aipitie na kuitia sahihi. Yeye ndiye anayejua kwamba mwanafunzi fulani amerudi kusoma shahada ya pili. Wewe na mimi hatujui.

Nafasi mbili za NULL pale mwishoni mwa ldap_delete_ext_s ni za vidhibiti vya seva na vya mteja. Ukitaka kuwa makini zaidi, kwenye ile ya seva weka kidhibiti cha sharti, kinachotengenezwa kwa ldap_create_assertion_control: futa rekodi hii ikiwa tu bado inatimiza chujio hili. Msajili akimrudisha mtu darasani dakika ile ile programu inakimbia, seva itakataa kwa kosa 122 na mtu atabaki.

Kabla ya yote, nakala. Ichukue kwenye seva yenyewe kwa slapcat. Inachukua manenosiri, na inachukua pia entryUUID, kitambulisho ambacho seva humpa kila mtu mara moja tu. Ukimrudisha mtu kwa ldapadd atapewa kitambulisho kipya, na mfumo wowote uliokuwa ukimjua kwa kile cha zamani utamwona mgeni. Nakala ya slapcat inarudishwa kwa slapadd, na kitambulisho kinabaki kile kile.

Kuhusu Ijumaa: mwambie mkuu wako kwamba Ijumaa atapata orodha yenye sahihi ya msajili, na kufuta ni Jumamosi asubuhi, wakati ofisi zimefungwa na wewe una siku mbili za kurekebisha. Nikiwa mkuu wako ningefurahi kuambiwa hivyo.

SWALI. Mwalimu, kwa nini mtu ahangaike na C? Mimi nina watu sita tu wa kufuta. (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU. Usihangaike. Watu sita ni kazi ya amri ya ldapdelete na faili lenye DN sita, dakika tano umemaliza. C ni ya yule ambaye kufuta ni sehemu ya programu kubwa aliyonayo tayari, au anayetaka kukagua masharti kabla ya kila ombi.

SWALI. Habari za kazi, dada. Programu yangu nikiiendesha kwa mkono inafuta vizuri. Nikiiweka kwenye cron, ratiba ya kuendesha programu zenyewe, iende saa nane usiku, asubuhi nakuta imeingia kwenye seva bila kosa, ldap_sasl_bind_s imerudisha 0, lakini kila ombi la kufuta limekataliwa kwa kosa 8. Nenosiri ni lile lile. DN na nenosiri vinasomwa kwa getenv, fanksheni inayosoma mipangilio ya terminali, na ikirudisha NULL, yaani hakuna kitu, naweka kamba tupu ili programu isianguke. Nimekesha na tatizo hili siku tatu. (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU. Nzuri dada, na pole kwa kukesha. Nenosiri ni lile lile, ila usiku halifiki. Umeandika kwamba DN na nenosiri vinasomwa kwa getenv, na kwamba getenv ikirudisha NULL unaweka kamba tupu ili programu isianguke. Cron haisomi mipangilio ya terminali yako. Kwa hiyo saa nane usiku vyote viwili ni vitupu, na ombi la kuingia lenye DN tupu na nenosiri tupu ni ombi halali kabisa katika LDAP: maana yake ni kuingia bila jina. Seva inakukaribisha kama mgeni yeyote, inarudisha 0. Unapoomba kufuta ndipo inakwambia ujitambulishe kwanza. Hilo ndilo kosa 8. Ungekuwa umeingia kwa jina lako lakini huna ruhusa, ungeona 50.

Weka nenosiri kwenye faili ambalo mwenye kazi hiyo peke yake anaweza kulisoma, yaani chmod 600, na programu ikate safari papo hapo ikikuta DN au nenosiri ni tupu. Kisha, mara tu baada ya kuingia, ita ldap_whoami_s. Seva itakujibu inakutambua kama nani. Jibu likiwa tupu, wewe ni mgeni, funga na uondoke. Mimi huliandika jibu hilo kama mstari wa kwanza wa logi kwenye kila programu inayofuta kitu, na limeniokoa pia upande wa pili: siku moja lilinionyesha kwamba nimeingia kwa akaunti kuu wakati nilidhani nimeingia kwa ile ndogo.

SWALI. Mwalimu, nina rekodi 1,300 za mashine chakavu. Programu inafuta 500 kamili kisha inasema imemaliza. Nikiirudia inafuta 500 nyingine. (Msomaji, Singida)

JIBU. Hiyo 500 ni kikomo cha kawaida cha slapd, seva yenyewe ya OpenLDAP, kwa utafutaji mmoja. Utafutaji wako unarudisha namba 4, pamoja na sehemu ya majibu, na programu yako inaipuuza hiyo 4. Usiipuuze. Leo kurudia kunakusaidia kwa kuwa unafuta chakavu. Kesho ukitumia msimbo huo huo kulinganisha orodha mbili na kufuta asiyeonekana kwenye orodha ya saraka, wote walio baada ya wa 500 wataonekana hawapo. Omba majibu kwa kurasa, kwa ldap_create_page_control, kurasa za 200 hivi, kusanya DN zote kwanza, na ufutaji uje baada ya ukurasa wa mwisho. Msimamizi wa seva huenda akalazimika kukuongezea kikomo cha jumla pia.

SWALI. Shikamoo Mwalimu. Sisi ni ofisi iliyohamia Mtumba. Kwenye kikao tumebishana: mtumishi akiondoka, afutwe kwenye saraka siku ile ile, au afungiwe tu? Upande mmoja unasema kufuta ndiyo usalama. (Msomaji, Ihumwa)

JIBU. Marahaba. Siku ile ile fungia. Kufuta kuje baadaye, na kuje kweli.

Mtu akiondoka huacha vitu vyenye jina lake: barua ambazo hazijajibiwa, mafaili kwenye seva, maombi ya malipo yanayosubiri. Rekodi yake ikifutwa mchana ule ule, mafaili yale yanabaki na namba peke yake pale palipokuwa na jina la mwenyewe, na mkaguzi akija Januari hakuna anayejua yalikuwa ya nani. Kwenye OpenLDAP yenye sera ya manenosiri unamfungia kwa kuweka pwdAccountLockedTime kuwa 000001010000Z. Hiyo ni kufuli ya kudumu mpaka msimamizi aiondoe. Kumbuka kwamba inamzuia anayeingia kwa nenosiri kupitia saraka tu. Kama alikuwa na ufunguo wa SSH kwenye seva fulani, ufunguo huo hauulizi nenosiri, nenda ukautoe kwa mkono. Kisha mhamishe kwa ldap_rename_s aende kwenye tawi la walioondoka, ambako mifumo mingine haitazami.

Lakini asikae huko milele. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na moja ya misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lililozikusanya. Picha, simu na mtaa anaoishi mtu aliyeondoka miaka sita iliyopita havina lengo lolote kwenye saraka yenu. Kubalianeni kwenye kikao hicho hicho muda wa kukaa, uandikwe, na tarehe ya kuondoka iwekwe ndani ya rekodi yenyewe ili programu ya kufuta iwe na cha kusoma.

SWALI. Mwalimu naomba msaada. Mhasibu wetu, mwenye uid=mhasibu2 (uid ni jina la kuingilia), aliacha kazi nikamfuta, ldap_delete_ext_s ikarudisha mafanikio, na nikitafuta rekodi yake haipo. Lakini nikifungua kundi la wanaoruhusiwa kuidhinisha malipo, DN yake bado imo. Je, hajafutika? Na ina madhara yoyote? (Msomaji, Kondoa)

JIBU. Amefutika. Kilichobaki ni maandishi ya DN yake ndani ya rekodi nyingine, ile ya kundi, na ombi la kufuta haligusi rekodi nyingine yoyote zaidi ya ile uliyoitaja. Kundi ni kama karatasi ya majina iliyobandikwa mlangoni. Mtu akihama mji, karatasi haijui.

Madhara yapo, na ndiyo maana barua yako nimeisoma mara mbili. Mwezi ujao mtaajiri mhasibu mpya. Kijana wa TEHAMA atamfungulia akaunti, na kwa utaratibu wenu wa kutoa majina atampa uid=mhasibu2, ile ile, kwa kuwa iko wazi. DN ya mgeni itakuwa sawa herufi kwa herufi na ile iliyobaki kwenye kundi. Tangu dakika hiyo, kabla hajapewa hata kiti, anaweza kuidhinisha malipo, na hakuna mtu aliyeamua hivyo wala sahihi inayoonyesha aliyempa. Leo, kabla ya chakula cha mchana, fungua makundi yote na umtoe.

Kwa programu, fuata mpangilio huu. Kabla ya kumfuta mtu, tafuta kwenye tawi la makundi kwa chujio la (member=DN yake), DN hiyo ikiwa imekingwa kama nilivyomweleza kijana wa Kisasa hapo juu. Kwa kila kundi utakalopata, tuma ldap_modify_ext_s yenye LDAP_MOD_DELETE ya thamani hiyo moja tu. Angalia vizuri hapo: ukiacha orodha ya thamani ikiwa NULL unaomba kufuta sifa nzima ya member, yaani wanachama wote wa kundi. Makundi yakiisha, ndipo mfute mwenyewe. Ukianza na mtu halafu programu ikakatika katikati, umerudi kwenye tatizo lile lile.

Seva ya OpenLDAP inaweza kukufanyia hili yenyewe ukiwasha kiongezi kinachoitwa refint na kukitajia sifa za kuangalia, kama member na owner. Nakishauri, hasa kwa ofisi ambayo watu watatu tofauti wanafuta kwa zana tatu tofauti.

Utakutana na jambo moja zaidi, na kwa ofisi ndogo kama yenu utakutana nalo mapema. Kundi la aina ya groupOfNames ni lazima liwe na mwanachama angalau mmoja. Kama mhasibu huyo alikuwa peke yake kwenye kundi, ombi la kumtoa litakataliwa kwa kosa 65. Kwenye refint kuna mpangilio wa refint_nothing unaoweka DN ya kushikilia nafasi. Kwa programu yako mwenyewe, ikiona 65 isimame na iandike jina la kundi kwenye logi, kisha wewe nenda kamuulize mkuu wa fedha ni nani sasa anayeidhinisha malipo.